Kale kanamba kekundu kwenye simu ya mzee

(Maongezi yangu na vijana Arusha, Jumamosi, kuhusu kupata wateja wa kazi za mtandaoni. Wengi mliomba niyaandike, nimeyaandika kama nilivyoongea, msinisahihishe sarufi.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kuja na mvua yote hii, nimeona wengine wameshika viatu mkononi kutoka barabarani mpaka hapa mlangoni, na matope ya Arusha ya mwezi wa nne nayajua hayana huruma.

Nianze na mikono. Nani ameshafungua akaunti Upwork au Fiverr, zile websaiti za kutafutia kazi za mtandaoni? Ukumbi karibu wote. Haya, nani ameshapata mteja hata mmoja huko? Watatu. Na huyu wa tatu jamani ni mdogo wangu wa tumbo moja na hiyo kazi nilimpa mimi, shusha mkono. Wawili.

Mnaona sasa. Akaunti hatukosi sisi, picha ya profaili tumepiga na koti la kuazima, tunachokosa ni mtu wa upande wa pili.

Mi nilikuwa risepshoni kwenye lodji moja njia ya Karatu, miaka minne, siku moja Machi 2020 tukaitwa wote jikoni tukaambiwa wageni wameahirisha kwa ajili ya korona, nendeni nyumbani tutawapigia. Mwezi wa nne ndege za kimataifa zikasimamishwa, zikaja kuruhusiwa tena Mei 18, lakini ndege kuruhusiwa ni kitu kimoja na mgeni kuipanda ni kingine, mi mpaka leo sijapigiwa hiyo simu. Nikasikia kuna kazi inaitwa VA, msaidizi wa mtandaoni, unamjibia mtu imeili, unampangia kalenda, unamtafutia tiketi, unamtengenezea ankara, yote umekaa kwako umejifunga kitenge. Nikasema ah, si ndo kazi yangu ileile ya risepshoni, ila hii haina yunifomu. Wiki sita kila usiku natuma maombi, sijui hamsini sijui sitini, majibu mawili. La kwanza tapeli. La pili jamaa anasema asante, tumeshapata mtu.

Juzi nimeyasoma yale maombi tena, nimeona aibu niko peke yangu chumbani. Yote yanaanza "Mheshimiwa, mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najifunza haraka." Mtu kaweka tangazo kwamba duka lake la mtandaoni lina wateja mia wanauliza mzigo wetu uko wapi, mi namwambia mi ni mwaminifu! Ni kama mtu kaungua mkono kakimbilia dispensari alafu nesi anamsimulia alivyofaulu kidato cha nne.

Mteja wangu wa kwanza wa kweli sikumpata kwenye laptopu kabisa. Ni mzee mmoja jirani yetu, ana kampuni ya utalii ya magari manne, ofisi chumba kimoja. Ilikuwa 2021 wageni wameanza kurudirudi, nimeenda steshenari kutoa kopi namkuta mbele yangu anahangaika kutafuta imeili fulani aprinti, anapandisha anashusha haioni, na mi macho yangu, mniwie radhi lakini umbea nao una faida yake, yakaona kale kanamba kekundu pale juu ya alama ya imeili. Elfu moja mia tatu na kitu. Nkamwambia "Shikamoo baba, hizo zote hazijafunguliwa?" Akacheka. "Marahaba mwanangu, hizo ni za watu wa matangazo tu." Nkamwambia niruhusu Jumamosi nije nizipange, ukiona hamna kitu humo nipe soda nitaondoka.

Jumamosi nikakaa pale tangu saa tatu asubuhi. Na kweli nyingi zilikuwa takataka, mzee hakudanganya, lakini katikati ya takataka nikakuta watu tisa wameomba bei ya safari. Tisa! Mmoja ni familia ya watu sita, wanataka Serengeti na Ngorongoro siku saba alafu Zanzibar juu yake, imeili ina siku kumi na moja haijaguswa. Mzee alivyoiona akavua kofia akaiweka mezani, hakusema kitu. Tukawaandikia wote siku ileile. Saba kimya au wameshapata kampuni nyingine, wawili wakajibu, mmoja akaja kweli na mke wake. Ile familia tuliikosa, walishalipia kwingine, na mzee hajawasahau, kila tukikutana anawataja kama ndugu zake waliofariki.

Basi pale nikaanza kuona kitu. Wageni wanauliza maswali yaleyale. Cheti cha homa ya manjano nahitaji, unamjibu kama unatoka au umepitia nchi yenye ugonjwa huo ndiyo. Naweza kuja na mifuko ya plastiki, hapana, imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, hamisha vitu kabla hujapanda ndege. Kilimanjaro nipite Marangu au Machame, unamwambia Marangu unalala kwenye vibanda, Machame unalala kwenye hema. Betri ya kamera nachaji wapi, tipu natoa kiasi gani, mtoto wa miaka mitano anaruhusiwa kwenye gari. Nikakusanya maswali kumi na mawili nikaandika majibu kumi na mawili safi, nikayahifadhi, kuanzia hapo imeili iliyokuwa inamla mzee nusu saa mi naijibu dakika tatu, nabadilisha jina na tarehe tu.

Alafu saa. Mtu wa Texas akitoka kazini akala akakaa kwenye kochi kuota Serengeti, saa tatu usiku ya kwao, huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi chao. Anaandika kwa kampuni nne tano kwa mpigo. Mzee akiamka, akasali, akanywa chai, akafika ofisini saa nne, wenzake wameshajibu. Mi nikawa naamka saa kumi na moja kasoro, najibu kabla sijawasha jiko. Hiyo ndo kazi niliyomuuzia mzee, sikumwambia mi ni VA, hilo neno hata angelisikia asingelijua, nilimwambia "baba, kila anayeuliza bei usiku atakuta jibu kabla hajalala." Akanipa laki moja na nusu kwa mwezi. Ndogo, najua. Ngoja.

Kwa iyo hili ndo nililokuja kusema leo na mengine yote ni chumvi: usitafute mteja, tafuta mtu kazi imemwelemea, alafu uweze kumwonyesha kwa kidole ni wapi imemwelemea. Ukishindwa kuonyesha kwa kidole, hujamjua bado, rudi kamchunguze.

Na huyu mtu ana majira yake, kama mahindi. Watu wa utalii hapa kwetu mnawafuata Julai, Agosti, magari yote yako porini, mwenyewe yuko uwanja wa ndege wa KIA anapokea wageni, simu mbili masikioni, unampelekea sivii! Atakuchukia bure. Mfuate sa hivi, mwezi wa nne huu, mvua inanyesha, magari yako gereji, yeye kakaa ofisini anakunywa kahawa anahesabu deni. Sasa hivi ana masikio. Mhasibu wa Marekani muandikie mwezi wa kumi na moja, kumi na mbili, kwa sababu Januari mpaka Aprili 15 ni msimu wao wa ritani za kodi na hapo halali. Wa Uingereza tarehe yake ya kufa na kupona ni Januari 31, kwa iyo Septemba ndo unampata ametulia. Mwenye duka la mtandaoni la Shopify muwahi kabla ya Novemba, Ijumaa ile ya mapunguzo makubwa ikimkuta hana mtu wa kujibu wateja anajuta mpaka Krismasi. Chagua aina moja tu ya mtu, jua mwaka wake unavyokwenda kuliko anavyojua mwenyewe. Mi nilichagua utalii kwa sababu nilishaishi ndani yake, we kama ulikuwa unauza duka la dawa basi kliniki zinakusubiri, kama baba yako alikuwa wakala wa forodha we una hazina ndani unailalia tu.

Sasa wateja wa nje. Wa kwanza nilimpata kwenye inboksi ya yule yule mzee, nisikilizeni vizuri hapa. Mzee alikuwa analetewa wageni na mama mmoja wa Uholanzi, ana wakala wake mdogo wa safari, yeye na binti yake tu. Kama miezi mitano hivi baada ya mi kuanza, yule mama akaandika, "samahani, siku hizi nani anajibu imeili zenu?" Mi nikashtuka nikajua nimeharibu. Kumbe anauliza kwa sababu kwa mara ya kwanza anapata jibu siku ileile na kila kitu kimekamilika. Mzee naye, Mungu ampe maisha, akamwambia "ni binti yangu, na ana muda wa ziada." Angekaa kimya kunificha asingelaumiwa na mtu. Yule mama akanipa masaa kumi kwa wiki, na yeye akaja kunitaja kwa rafiki yake Ubelgiji, na mpaka leo wateja wangu watano wote, hata mmoja hajatoka kwenye ombi nililotuma usiku wa manane.

Sisemi msiingie Upwork, msije mkaenda kusema dada kakataza. Ingieni, ila mjue hesabu yake. Kuomba kazi unalipia vitiketi vyao vinaitwa Connects, kimoja senti 15 za dola, kazi ikidai vitiketi 16 umeshatoa dola 2.40 na hujasomwa. Ukipata kazi wanakata. Zamani ilikuwa asilimia 20 ya dola 500 za mwanzo kwa kila mteja, ikaja ikawa 10 kwa wote, tangu 2025 inategemea kazi, sifuri mpaka 15. Fiverr asilimia 20 haipungui. Uzuri wa Upwork ni kwamba kwa kazi ya bei moja hela ya mteja inawekwa pembeni kabla hujaanza, na kazi ya masaa ukiwasha ile programu yao inapiga picha skrini yako kila dakika kumi, mteja akija kukana ushahidi upo. Kwa mgeni asiyemjua mtu huo ulinzi si wa kudharau. Kwa iyo ombeni kazi mbili kwa wiki, siyo ishirini kwa siku. Kabla hujaomba, ingia websaiti ya huyo mwenye kazi, jifanye mteja wake, ona panapouma. Mistari miwili ya mwanzo ndo anaiona kabla hajafungua, humo weka ulichokiona. "Nimejaribu kubuku kwenye websaiti yako kwa simu, kitufe cha tarehe hakifunguki, nimerekodi dakika moja uone." Umemaliza. Uaminifu wako atauona mbele ya safari.

Na huku mtaani ni hivyohivyo. Mdogo wangu huyu niliyemshusha mkono, wiki iliyopita kaandikia kampuni moja WhatsApp, nawasomea kama ilivyo: "Shikamoo mzee. Jana saa mbili usiku niliuliza bei ya safari ya siku tatu kwenye fomu ya websaiti yenu kama mteja, mpaka sasa saa kumi jioni sijajibiwa, nadhani fomu inapeleka kwenye imeili ambayo haifunguliwi. Naweza kuja Jumatatu nikaiangalia, nusu saa tu." Akajibiwa baada ya dakika nne. Dakika nne! Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku nne tano, alafu achana naye, usiwe mtu wa mikopo ya simu.

Hela. Hapa mniandikie. PayPal kwa Tanzania unatuma, kupokea huwezi, ndo ukweli wenyewe, na msidanganyike kufungua akaunti kwa jina la shemeji aliyeko nchi nyingine, siku wakiifunga na hela iko ndani utamlilia nani. Wengi wetu tunatumia Payoneer, inakupa namba za akaunti za dola, euro na pauni, mteja anatuma kama anatuma benki ya kwao, we unaivuta kwenye benki yako hapa. Mwambie mteja mapema, siku ya kwanza mnapoongea bei, siyo siku ya kulipwa. Na mteja mpya wa nje ya Upwork nusu analipa kabla. Mi nilifanya kazi wiki tatu kwa mtu mmoja, simtaji, tulikutana kwenye grupu la Facebook, anajifanya rafiki kila asubuhi ananiuliza nimelalaje, siku ya ankara picha ya profaili ikapotea. Wiki tatu. Nililia siku mbili, ya tatu nikaandika kwenye karatasi NUSU KWANZA nikabandika ukutani, ipo mpaka leo imekuwa ya njano.

Anayekwambia ulipie usajili ndo upewe kazi ni mwizi. Anayekutumia hela nyingi kwa makosa akaomba umrudishie inayozidi ni mwizi. Yule wa Telegram wa kulaiki video, kwanza anakulipa elfu mbili, ya pili elfu tano, alafu anakwambia weka laki upate laki mbili, huyo ni mwizi mwenye subira.

Na nywila za mteja usizipokee kwenye WhatsApp hata kama anakulazimisha. Gmail ina sehemu ya kumpa mtu ruhusa ajibu imeili bila kujua nywila, mwonyeshe hiyo. Wateja wangu wawili waliniamini kwa hilo tu, kwamba nilikataa nywila.

Ndiyo, mkono wa nyuma pale, kaka wa sweta. Umeme. Kaka swali lako ni zuri na halina jibu tamu. Pawabenki ya laptopu, laini mbili za mitandao tofauti, na rafiki mwenye soketi upande mwingine wa mji. Lakini Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, mnakumbuka, mitandao mingi ilisumbua kwa pamoja, laini mbili zilisaidia nini. Mi niliwapigia wateja simu ya kawaida, imenikula vocha vibaya sana, nikawaambia kimetokea nini kabla hawajanitafuta. Hakuna aliyeniacha. Mteja wa mbali hachukii umeme ukikatika, anachukia kukutafuta.

Dada wa miwani. Kiingereza. Sikiliza mdogo wangu, yule mama wa Uholanzi Kiingereza chake kina makosa kuliko changu na tunaelewana vizuri tu. Andika sentensi fupi, soma kwa sauti kabla hujatuma. Kwenye kuongea ukishindwa sema rudia taratibu, wanarudia. Kinachokuangusha siyo Kiingereza kibovu, ni Kiingereza cha kunakili, ile imeili ndefu imejaa maneno makubwa alafu mkikutana kwenye simu we unasema yes yes.

Na wewe wa mbele ulikuwa unauliza kufanya bure. Mi nilikwenda kwa mzee kwa ahadi ya soda kwa iyo siwezi kukukataza, ila angalia, niliahidi Jumamosi moja, siyo mwezi. Fanya kipande kidogo chenye mwisho, masaa mawili matatu, kitu atakachokiona kwa macho, alafu siku hiyohiyo kabla hujatoka sema bei ya kuendelea. Ukirudi siku ya pili bila bei umeshakuwa mtoto wa ndugu, utatumwa na maandazi.

Bei yenyewe, sitawatajia namba maana mtaikariri wote alafu mtashushana bei wenyewe kwa wenyewe. Hesabu masaa yako, bando, umeme, makato, na TIN mkachukue TRA kabla hawajawafuata, ongeza, ndo useme. Laki na nusu ya mzee ilikuwa sawa kwa saa moja ya alfajiri kila siku. Alipotaka na kalenda ya magari na mitandao ya kijamii, bei ikapanda, tukagombana siku mbili, mke wake akaamua.

Basi toeni simu. Siyo ya kuchati, we dada nakuona. Andika jina la mtu mmoja unayemjua ambaye kazi imemwelemea, mmoja tu, siyo kampuni, mtu mwenye jina. Pembeni andika ni kitu gani hasa. Kama pembeni hujui uandike nini, Jumatatu pita ofisini kwake na hii mvua, muombe upige kopi, na kodoa macho.

Chai iko nje kwenye turubai na chapati zimekuja za moto. Mwenye swali la Payoneer anifuate huko huko, mi hesabu za makato na njaa haviendi pamoja.